Makabidhiano ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Msiitafute Tulizana kwenye ramani, mtaumia macho bure. Ni nchi ndogo, ina amani kupita kiasi, na jeshi lake lina majenerali arobaini na wawili. Vita vyake vya mwisho ilipigana miaka sitini iliyopita na nchi jirani, kisa kisima, na nchi jirani yenyewe haijapata habari mpaka leo. Sasa jamani, jenerali asiye na vita atavaa nini kifuani? Swali hilo lilimsumbua sana Mheshimiwa Baba wa Utulivu. Akaitisha wataalamu, wataalamu wakakaa hotelini siku tisa, na siku ya kumi wakatoka na Kanuni ya Tisa.

Kanuni ya Tisa ni fupi. Inasema nyumba ya jeshi haikabidhiwi kwa funguo, inatekwa. Familia inayohamia inashambulia, familia inayohama inajihami, na damu ikishamwagika mlangoni afisa mkaguzi anaandika kwenye fomu: Imepokelewa. Kwa hiyo kila mwaka Tulizana inapigana vita elfu tatu na ushee ndani ya mipaka yake yenyewe, na inashinda vyote. Redio ya taifa inasema hakuna nchi nyingine yenye rekodi kama hiyo, na mimi sina sababu ya kubishana na redio.

Tausi, mke wa Sajini Lugome, alikuwa ameshateka nyumba tano. Watoto wake watatu kila mmoja alizaliwa kambi yake. Sikitu, wa miaka saba, alizaliwa siku walipoteka nyumba ya kwanza, nyuma ya pipa la maji. Pazi alikuwa na miaka minne, mtoto wa tumbo tu, huyo ukimpa tonge anakufuata popote. Na Mboni alikuwa mgongoni, anaota meno, analia kutwa. Kwenye mkono wa kushoto Tausi alikuwa na kovu la uji wa moto aliomwagiwa dirishani na mke wa fundi mitambo mmoja, mwanamke ambaye siku hizi huandikiana naye barua za salamu.

Maana wake wa askari si wajinga. Wanaume walipopewa kanuni, wao walitafuta kuku. Ikawa desturi: mwanamke anayehamia anakuja na kuku kikapuni, anampenyeza dirishani, mwanamke anayehama anamchinjia kizingitini. Waume wanapiga risasi mbili tatu hewani, mtu anavunja chungu kimoja na kipande cha ukuta, watoto wanapiga mayowe kwa kuwa wameambiwa wapige. Damu ipo, kelele zipo. Halafu kuku anaungwa nazi, familia mbili zinakula pamoja, afisa mkaguzi anapewa firigisi yake kwa heshima, anaifuta mikono, anasaini. Miaka ishirini mambo yalikwenda hivyo na hakuna aliyeumia isipokuwa kuku, na wale wachache waliokosea madirisha.

Barua ya sita ya uhamisho ilifika Jumanne. Sajini Lugome aliisoma akiwa amesimama wima sebuleni, visigino pamoja, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpigia saluti.

"Mama Sikitu, tunahama."

"Lini tena, Baba Sikitu?"

"Jumapili iliyopita."

"Jumapili iliyopita imepita!"

"Ndiyo maana inabidi tufanye haraka," alisema Lugome.

Msije mkamwelewa vibaya. Lugome alikuwa mtu mwema. Hakulewa, hakumwinulia mkewe mkono, na mshahara aliuleta nyumbani wote. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda amri. Mtu mwingine akipewa amri anauliza kwa nini, Lugome anauliza kwa sauti gani. Tausi alikuwa amemzoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Sikitu alikuwa katikati ya mitihani, Mboni ana homa, nepi zimelowa kwenye kamba, na mumewe ameshaanza kufungua vitanda. Tausi akalaani kimoyomoyo, akaenda kununua kuku.

Alichagua tetea mwekundu, mnene, mpole. Walisafiri siku mbili juu ya lori la jeshi, wamebanwa kati ya godoro, sanduku la bati na kreti la makombora mawili ya bazuka ambayo Lugome alikabidhiwa kwa ajili ya kuhamia. Pazi alitaka kukojoa kila walipopita kizuizi, na kila kizuizi kilidai kwanza aonyeshe kibali cha kukojolea katika eneo la jeshi. Mboni alitapikia ramani. Sikitu aliuliza, "Mama, huko tutakaa mpaka nimalize darasa?" Tausi akamjibu, "Tutakaa, mama. Safari hii tutakaa." Aliomba Mungu yasiwe maneno ya uongo, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa ameanza darasa la kwanza mara nne.

*

Kambi ya Majiwe ilikuwa na lango zuri lenye maandishi: KARIBU, AMANI IMETAWALA. Chini ya maandishi walisimama askari sita na mbwa.

"Mna kuku?" aliuliza wa kwanza.

Tausi akafunika kikapu kwa khanga. Huko nyuma hakuna aliyewahi kuuliza. Kabla hajajibu, tetea naye, kwa upole wake wote, akasema kokoko.

Walimtoa kikapuni, wakamfunga kamba miguu yote miwili, wakampeleka kwenye uwanja wa gwaride. Hapo ndipo familia ya Lugome ilipomwona kwa mara ya kwanza Brigedia Mtukuta, mkuu mpya wa kambi. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha kukunja chini ya mwavuli, kifimbo kwapani, chupa ya soda mkononi. Pembeni yake alisimama kijana mwembamba mwenye daftari, Luteni Sanze, afisa mkaguzi wa makabidhiano. Brigedia alisimama, akakohoa, akazungumza kwenye kipaza sauti ingawa watu wenyewe hawakuzidi kumi na wawili.

"Wananchi na wapiganaji! Nimefanya utafiti wa kina. Nimebaini kwa masikitiko makubwa kwamba vita elfu sitini tulivyovishinda, tulivishinda dhidi ya kuku. Naona aibu! Nalala nikiwaota! Taifa linanukia mchuzi! Kuanzia leo, katika kambi yangu, damu ya ndege haitatambuliwa. Na kwa kuwa damu peke yake inaghushiwa, tutahesabu maiti. Chumba kimoja, maiti mmoja. Vyumba viwili, maiti wawili. Nitawahesabu mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mbwa walikuwa wanawaangalia.

Tetea alishtakiwa kwa kula njama dhidi ya heshima ya jeshi. Aliulizwa kama ana la kusema, akasema kokoko, ikaandikwa kwamba amekiri. Askari sita wakampiga risasi kwa pamoja kutoka hatua kumi, na kilichobaki hakikufaa hata kwa supu. Manyoya yaliruka mpaka kwenye soda ya Brigedia. Pazi aliangua kilio, "Kuku wetu! Kuku wetu!" na Lugome akamwinamia akamwambia kwa upole kwamba askari halii mbele ya mkuu wa kambi.

"Mmepangiwa Nyumba Namba Kumi na Nne," alisema Luteni Sanze akipekua daftari. "Vyumba viwili. Anayehama ni Koplo Gwasuma, mke na watoto wawili. Mna saa moja ya matusi, kisha filimbi."

Saa ya matusi imo kwenye Kanuni ya Tisa, ibara ya mwisho. Wataalamu waliona kwamba wapiganaji wanahitaji kupandishwa ari, na kwamba kazi hiyo nani ataiweza kama si wake zao. Basi wanawake wawili husimama kila mmoja upande wake wa ua na kutukanana saa nzima. Luteni anayaandika matusi yote, na yasipofika themanini saa inaanza upya.

*

Tausi alimfunga Mboni vizuri mgongoni, akasogea kwenye ua wa michongoma. Upande wa pili alikuja mwanamke mrefu, mkubwa kwake kidogo, mikono imejaa unga. Alikuwa ametoka kusonga ugali.

"We mchawi wa masufuria!" alipiga kelele Tausi. Halafu akashusha sauti. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi Nyanzobe," alijibu yule mwanamke kwa kunong'ona, kisha akapaza: "Miguu kama miiko ya pilau! Umekuja kuteka nyumba ya watu na miguu hiyo?"

Askari wakashangilia. Luteni akaandika.

"Dada, kuku wangu wamemuua."

"Nimesikia milio. Pole. Mdomo kama soli iliyobanduka, we! Dada yangu, mimi sina pa kwenda. Tumehamishiwa Kambi ya Ushindi."

"Si mwende basi? Kichwa kama kibuyu cha mgema! Si mwende, dada, kabla filimbi haijalia?"

"Twende wapi? Mume wangu alikwenda kuangalia. Kambi ya Ushindi imepokelewa mara nyingi mno, imepokelewa mpaka imekwisha. Hakuna ukuta uliosimama. Namba za nyumba zimechomekwa kwenye vijiti. Kuna choo kimoja na bendera. Ofisi ya uhamisho imesema choo kina paa, kwa hiyo ni makazi. Nywele kama nyasi za kufugia panya! Choo chenyewe kina familia tatu, mdogo wangu. Niwapeleke wanangu huko?"

Tausi alisahau kutukana. Luteni akagonga daftari kwa kalamu, "Matusi, mama, matusi," na Tausi akatukana lililokuja mdomoni, na lilikuwa kubwa kiasi kwamba siwezi kuliandika hapa, wapo wanaosomea sebuleni.

"Vyumba ni viwili," alinong'ona halafu. "Sisi kimoja, ninyi kimoja. Tubanane."

"Na maiti?"

"Tumwage damu ya mikono yetu. Nina wembe. Labda atatosheka."

"Yule?" Nyanzobe alimtupia jicho Brigedia, ambaye alikuwa amesogeza kiti chake mpaka hatua ishirini kutoka kwenye nyumba ili aone vizuri. "Yule amekaa kama mtu anayesubiri biriani. Nitaongea na mume wangu. Naye anapenda amri kama wenzake, lakini ukimshika sikio anasikia."

Wakatukanana mpaka sabini na tisa. La themanini lilikuwa zamu ya Nyanzobe, na hakulipata, machozi yalikuwa yameshamjaa. Alisema tu, "Na wewe pia," na Luteni, kwa huruma au kwa uvivu, akaliandika.

Nyanzobe akakimbia ndani. Filimbi ikalia.

*

Tausi alirudi nyuma ya lori kuhesabu watoto, kama alivyokuwa akifanya kila vita. Mboni mgongoni, mmoja. Sikitu kwenye gurudumu, wawili.

"Pazi yuko wapi?"

"Alikwenda kukojoa kule kwa wale watoto," alisema Sikitu. "Kuna tundu kwenye ua. Wakamwita ndani. Wana ugali na dagaa."

Kila mwanamke aliyewahi kumtafuta mtoto sokoni dakika mbili tu anaijua hali hiyo. Alikimbia mpaka kwa mumewe, ambaye alikuwa amepiga goti nyuma ya mtaro, bazuka begani, kombora la kwanza limeshaingia.

"Baba Sikitu! Shusha hicho kitu! Pazi yumo ndani!"

Lugome aliishusha bazuka. Alisimama, na hapo Tausi akapata matumaini. Akaenda mbio kwenye kile kiti cha kukunja, akapiga saluti.

"Afande! Mtoto wangu wa miaka minne yumo ndani ya nyumba, afande! Naomba maelekezo!"

Brigedia aliinywa soda yake taratibu. "Luteni, kanuni inasemaje?"

Luteni Sanze akapekua. "Kanuni iko kimya, afande."

"Kanuni ikiwa kimya, mimi nasema. Mtoto aliyemo ndani ya nyumba ya adui ni mtoto wa adui mpaka nyumba itakapotekwa. Ikishatekwa, kilichobaki kitarudishiwa uraia. Rudi kwenye nafasi yako, Sajini. Piga."

"Ndiyo afande!"

Lugome alirudi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, na huyo mtu alilia kweli, kilio cha baba. Lakini mikono haikumtetemeka hata kidogo.

"Umesikia, Mama Sikitu," alisema. "Atarudishiwa uraia."

"Lugome! Ni Pazi! Pazi!"

"Nitapiga jikoni. Wakati wa vita nani atakaa jikoni? Amri ni amri, mke wangu, na mimi nimeshaitikia."

Tausi alimzaba kofi lililosikika mpaka langoni. Lugome hakupepesa. Tausi akamfungua Mboni mgongoni, akamsukumizia Sikitu. "Lala naye chini ya lori. Usitoke. Hata nikikuita, usitoke." Kisha akapandisha khanga magotini, akatimka.

Alipita kwenye tundu la ua, michongoma ikimchana mabega. Koplo Gwasuma alikuwa dirishani na bunduki yake, anajihami kama kanuni inavyotaka, anapiga hewani, juu kabisa ya vichwa. Alimwona yule mwanamke anakuja na akamsikia anachosema. "Watoto! Jikoni! Anapiga jikoni!" Koplo akaitupa bunduki. Tausi alimwona akigeuka na kuondoka dirishani.

Kombora likapita juu ya kichwa cha Tausi kwa mlio wa kuchana shuka. Ukuta wa jiko ukainuka mzima, ukasimama hewani kidogo, kisha ukashuka kwa vipandevipande, mabati, vyungu, mkaa unaowaka. Tausi alitupwa chini akaanguka kifudifudi. Alipoinuka, sikio moja lilikuwa halisikii na mdomo umejaa mchanga. Akaingia kwa mlango wa mbele, anapapasa kwenye vumbi, anaita.

"Mama," ilisema sauti chini ya meza ya sebuleni. "Nyumba imepiga chafya."

Alikuwa Pazi. Mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope, tonge la ugali bado analo mkononi. Pembeni yake walikuwa watoto wawili wa Nyanzobe, wamekumbatiana, wakubwa kidogo kwake. Mmoja alikuwa anatoka damu puani. Wote wazima. Tausi aliwashika mmoja mmoja, kichwa, mikono, miguu, kama mtu anayenunua mbuzi, akarudia tena.

"Yule baba alinirusha," alisema Pazi. "Alitushika akaturusha hivi, puu! Mimi nikaumia kiwiko."

Yule baba alikuwa amebaki kwenye kizingiti cha jiko. Sehemu ya juu ilikuwa sebuleni, mikono imenyooshwa mbele kama alivyokuwa anarusha mtoto wa tatu. Sehemu nyingine ilikuwa huko kwenye mkaa. Nyanzobe alikuwa amepiga magoti hapo. Hakupiga yowe. Alimfumba mumewe macho kwa vidole vyenye unga, na unga ukabaki kwenye kope.

"Nilimwambia anipe dakika moja tuongee," alisema. "Alisema, ngoja kwanza nimalize risasi."

*

Kipaza sauti kikalia nje. "Mmoja! Hongera sana! Wapiganaji, mmoja huyo! Bado chumba cha pili. Sajini, pakia!"

Tausi alichungulia. Lugome alikuwa ameshalitoa kombora la pili kwenye kreti. Bado analia, bado hatetemeki. Mahesabu hayakuhitaji shule: ndani ya nyumba walikuwa wamebaki wanawake wawili na watoto watatu, na Brigedia alikuwa anamtaka mmoja, yeyote, apate kusaini akale chakula chake cha mchana.

"Tutoke na kitambaa cheupe," alisema Nyanzobe.

"Mwaka jana Kambi ya Chini walitoka na kitambaa cheupe. Waliambiwa ni uchafuzi wa mazingira." Tausi aliangalia chumba cha kwanza, akaangalia cha pili, akaangalia mchi uliosimama kwenye kona ya sebule, mrefu, wa mninga, umeng'aa kwa mikono. Nyanzobe alifuata macho yake. Nyanzobe akauchukua mchi, akaingia nao chumba cha pili, akasimama nyuma ya mlango. Tausi akawasukuma watoto chini ya meza, akawafunika kwa godoro.

Halafu akatoka kizingitini, mikono juu, vumbi tupu.

"Afande! Usipige! Wa pili tayari! Njoo umhesabu!"

Brigedia Mtukuta akanyanyuka kwenye kiti akicheka. Hakukuwa na kitu alichokipenda kama kuhesabu kwa mkono wake. Alivuta gwanda likakaa sawa, akatembea zile hatua ishirini kwa madaha, akaingia. Kwenye kizingiti cha jiko akamgusa Koplo Gwasuma begani kwa kifimbo.

"Mmoja," alisema. "Amekufa vizuri huyu. Wa pili?"

"Chumba kile, afande."

Brigedia akaingia chumba cha pili. Palikuwa na kitanda, chandarua, na kaptura za watoto zimeanikwa kwenye kamba.

"Simwoni. Yuko wapi?"

"Ndiyo kwanza anaingia, afande," alisema Tausi, na akaufunga mlango nyuma yake.

Mchi una uzito wake, na Nyanzobe alikuwa anatwanga tangu ana miaka sita. Pigo la kwanza lilimpata begani kwa sababu mikono ilikuwa na unga ikateleza. Brigedia alipiga goti, akashangaa kweli, akasema, "Lakini mimi ni Brigedia!" Hilo alilisema kwa sauti ya mtu anayerekebisha kosa dogo kwenye fomu. La pili likampata palepale panapostahili. Alijaribu kuupeleka mkono kwenye bastola ya kiunoni, na Tausi akauangukia mkono huo kwa magoti yote mawili na kuushikilia, huku akihesabu moyoni, tatu, nne, tano, mpaka mkono ukaacha kubishana. Nyanzobe hakuacha. Alitwanga kama mtu aliyetumwa unga wa harusi. Kaptura za watoto zilipata matone. Ilibidi Tausi amkumbatie kiunoni.

"Basi, dada. Basi. Imekwiva."

Hapo ndipo Nyanzobe alipolia. Alilia kwa sauti ambayo nje askari walipoisikia waliamini ndiyo ile ya maiti wa pili, na wakapiga makofi.

*

Luteni Sanze aliingia na daftari lake, akamkuta mkuu wake chini ya kamba ya kuanikia. Akatazama mchi, akatazama wanawake, akapekua kanuni mpaka ukurasa wa nyuma.

"Inasema maiti wawili," alisema hatimaye. "Haisemi wa nani."

"Basi andika," alisema Tausi.

Luteni akamgusa Brigedia kwa ncha ya kalamu. "Wawili. Jina la maiti... cheo hakina nafasi kwenye fomu." Alikuwa amesubiri kupandishwa daraja miaka kumi na moja, na sasa ngazi ya juu yake ilikuwa na pengo, kwa hiyo hakuona sababu ya kuchelewesha kazi. "Imepokelewa na nani?"

"Imepokelewa na Tausi na Nyanzobe. Andika majina yote mawili."

Aliandika, akapuliza wino ukauke, akawaachia nakala, akaondoka mbio kwenda kupiga ripoti chapa. Saa kumi redio ya taifa ilitangaza kwamba Brigedia Mtukuta ni jenerali wa kwanza katika historia ya Tulizana kufa vitani, na bendera zikapandishwa juu zaidi ya kawaida. Majenerali arobaini na mmoja waliobaki walituma rambirambi. Jioni hiyohiyo thelathini na wanane kati yao waliomba likizo ya ugonjwa.

Koplo Gwasuma alizikwa alasiri nyuma ya nyumba yake. Wake wa majirani walikuja na majembe bila kuitwa. Hakuna aliyepiga mzinga.

Lugome alikuwa amepongezwa mchana kutwa. Walimbeba juujuu kuzunguka uwanja wa gwaride, wakampa vyeo viwili kwa mkupuo, wakamwambia ajiandae kwa picha. Walipomtua, akavuta sanduku la bati mpaka kwenye mlango wa Nyumba Namba Kumi na Nne. Sikitu na Mboni walikuwa wameshachukuliwa ndani zamani. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake alisikia vijiko vikigonga sahani, na sauti za watoto watano.

"Hodi," alisema. "Mama Sikitu, fungua. Ni mimi. Tumeshinda."

Tausi alitokeza dirishani. Alikuwa hajaoga, vumbi la ukuta bado liko kwenye nyusi.

"Pazi mzima?" aliuliza Lugome.

"Mzima. Anakula."

"Nilijua. Nilikwambia nitapiga jikoni." Alitabasamu, na machozi yakamtoka upya, ya furaha safari hii. "Nilijua jikoni hakuna mtu."

"Walikuwa jikoni, Lugome. Wote watatu. Yule uliyemuua alimshika mwanao akamrusha nje ya moto wako, ndipo ukampata."

Lugome alisimama hapo, mkono mmoja kwenye mpini wa sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu Tausi amjue, vidole vyake vilianza kutetemeka.

"Nifungulie, mke wangu," alisema. "Ni nyumba yetu."

"Si yako. Ina fomu, imesainiwa, ina majina mawili na la kwako halimo." Tausi alishika dirisha kwa mikono miwili. "Nyumba hii imeshapokelewa, Sajini. Ukiitaka, kanuni unaijua."

Akafunga dirisha. Lugome aliangalia bazuka iliyokuwa begani kwake, na kombora moja lililobaki ndani. Aliangalia mlango. Kisha akageuka huku na huku, kwenye kile kiti kitupu, kwenye lori, kwenye uwanja wa gwaride, akitafuta mtu wa kumwambia la kufanya. Watu wote walikuwa wamekwenda kula. Akapiga saluti kwenye dirisha lililofungwa, akabaki amesimama wima hapo, anangoja.